Saluti Isiyopigwa

Mwaka 1905, dereva aliyetoka London kwenda Brighton, mji wa pwani wanakokwenda Waingereza kupunga upepo wa bahari, alikuwa na mtu anayemngojea njiani bila yeye kumwona. Mtu huyo alijibanza nyuma ya ua wa miti kando ya barabara, mkononi ana saa ya kuhesabu sekunde. Mbele yake, umbali uliokwisha kupimwa, alijibanza mwenzake. Wote wawili walikuwa askari polisi.

Sheria ya Magari ya mwaka 1903 ilikuwa imeweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kama kilometa 32. Leo bodaboda yenye mkungu wa ndizi nyuma inapita mwendo huo bila jasho, lakini kwa barabara za vumbi za wakati ule, zilizojaa farasi, mikokoteni na watoto, maili 20 zilikuwa mbio. Rada ilikuwa haijabuniwa. Polisi walikuwa na kitu kimoja tu cha kupimia, nacho ni kipande cha barabara. Kwa kawaida kilikuwa cha yadi 220, karibu mita 200, yaani sehemu ya nane ya maili. Gari likigusa mwanzo wa kipande, ishara inatolewa na saa inaanza. Likigusa mwisho, saa inasimamishwa. Kwa mwendo halali umbali ule unamalizika kwa sekunde 22 na nusu. Ukiumaliza kwa sekunde 18 umekwenda maili 25 kwa saa, na hapo askari anajitokeza barabarani ameinua mkono.

Hesabu yenyewe haina hila. Umbali gawanya kwa muda, basi. Hila ilikuwa kwenye ua wa miti. Alama za mwanzo na mwisho zilijulikana na askari peke yao: mti fulani, lango fulani, kona ya ukuta. Dereva aliyefikishwa mbele ya hakimu hakuweza kusema kama kipande kilikuwa cha yadi 220 au 200, wala kama ishara ilitolewa gari lilipofika kwenye alama au kabla. Neno lake lilipambana na neno la askari wawili. Wengi waliokamatwa walikuwa watu wenye fedha, maana gari wakati ule lilikuwa la wenye fedha, na mtu mwenye fedha akijiona ameonewa halali usiku, hutafuta wenzake.

Ndivyo kilivyozaliwa mwaka huohuo wa 1905 chama cha wenye magari, Automobile Association, ambacho Waingereza wanakiita AA. Watu wanaokijua leo kama chama cha kuwakwamua madereva waliopatwa na pancha au betri iliyokufa wangeshangaa kusikia kazi yake ya kwanza. Kilikodi vijana wenye baiskeli, kikawatawanya kwenye barabara zilizokuwa na mitego, na kikawapa jukumu moja: tafuta walipojificha askari, kisha wape ishara wanachama wetu kabla hawajaufikia mtego.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha hahitaji kuelezwa zaidi. Unatoka Chalinze, unakutana na lori linalotoka upande wa pili, dereva wake anakupiga fulu, yaani anakumulikia taa za mbele, mara mbili. Humjui, hamjawahi kuonana, na pengine hamtaonana tena. Lakini umemwelewa: mbele kuna tochi, kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Unapunguza, unapita pale kwa adabu zote, unampungia trafiki mkono kama muumini anayetoka ibada, na mita 500 baadaye mguu unarudi palepale. Vijana wa AA walifanya jambo hilohilo miaka 120 iliyopita, tofauti ni kwamba wao walilipwa.

Polisi hawakufurahi. Waliwapeleka vijana wale mahakamani kwa kosa la kumzuia askari asitekeleze wajibu wake. Kesi mbili kati ya zile zinastahili kusimuliwa pamoja, kwa sababu zinaonekana kama moja na ziliamuliwa kinyume.

Ya kwanza, Bastable dhidi ya Little, imo katika taarifa za sheria za mwaka 1907. Mtu alikuwa akiwaonya madereva wanaokaribia kipande cha polisi. Majaji wakiongozwa na Lord Alverstone, Jaji Mkuu wa Uingereza, walimwachia. Hoja yao ilikuwa kwamba haikuthibitishwa kuwa magari yaliyoonywa yalikuwa yakivunja sheria wakati ule. Kumwambia mtu asiyefanya kosa aendelee kutofanya kosa hakuwezi kuwa jinai. Madereva walishangilia. Waliona sheria imebariki mchezo wao.

Ya pili, Betts dhidi ya Stevens, iliyomo katika taarifa za mwaka 1910, ilikuja mbele ya Lord Alverstone huyohuyo. Safari hii polisi walikuwa wamejifunza. Walileta ushahidi kwamba magari yale yalikuwa yameshapita mwendo halali pale kijana wa AA alipoyapungia, na kwamba yalipunguza baada tu ya kumwona. Wakili wa kijana alikuwa na hoja tamu, na ukiisikia kwa mara ya kwanza unatikisa kichwa kukubali: mteja wake amewafanya watu waitii sheria, sasa anashitakiwa kwa nini? Si ndicho walichotaka polisi, magari yaende polepole?

Jibu la majaji ndilo lililonifanya nikisimulie kisa hiki. Jaji Darling, aliyekaa pamoja na Alverstone, alisema jambo linategemea nia. Anayemwonya mtu aache kosa ni mtu mwema. Lakini anayemwonya ili kosa lisitishwe kwa muda tu, wakati hatari ya kukamatwa ipo, huyo anawazuia polisi. Kwa maneno mengine, kijana wa baiskeli hakuwa ameondoa mwendo mbaya barabarani. Alikuwa ameuahirisha kwa yadi 220. Kijana akapatikana na hatia.

Msomaji atafakari hapo kidogo kabla hatujaendelea, kwa sababu fulu yetu inahukumiwa na maneno hayohayo. Wapo wanaosema fulu inaokoa maisha kwa kuwa inapunguza mwendo. Inapunguza, ndiyo, lakini wapi? Inapunguza mahali palipo na askari aliyevaa sare nyeupe, ambapo tayari kila mtu ana macho. Mtoto anayevuka kwenda shule hayuko pale. Yuko kilometa mbili mbele, ambako dereva ameshapumua na kukanyaga mafuta.

AA hawakukata tamaa, na hapa lazima nikiri kwamba walikuwa na akili ya kusifiwa hata kama hukubaliani nao. Kwa desturi vijana wao walimpigia saluti kila mwanachama anayepita, ambaye gari lake lilikuwa na beji ya chama mbele. Baada ya hukumu, chama kiliwajulisha wanachama: mkiona kijana wetu hakupiga saluti, simameni mumwulize sababu. Basi. Kupiga saluti ilikuwa heshima ya kawaida. Kutopiga saluti ndiyo ikawa onyo. Mahakama gani ingemfunga mtu kwa kutofanya kitu? Kijana aliyesimama kimya, mikono chini, hakuwa amemwambia mtu yeyote neno lolote. Saluti ile iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wazee wa Uingereza wanaikumbuka kama alama ya ustaarabu wa barabarani wa zamani. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ilikuwa pale isipopigwa.

Kwa hiyo nani alishinda? Madereva walishinda, na ushindi wao ndio sehemu ya kutisha.

Kwa miaka zaidi ya 20 kikomo cha maili 20 kilibaki kwenye vitabu huku kila mtu akikikanyaga. Magari yaliboreka, yakaongeza nguvu, yakashuka bei. Polisi walitega, madereva wakategua, mahakimu wakatoza faini, matajiri wakalipa na kucheka. Hatimaye Bunge liliona aibu. Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 ilifuta kikomo kwa magari madogo. Mwaka 1932 Lord Buckmaster aliwaambia wenzake wa Bunge la juu kwamba hakuna aliyedhani kuondoa kikomo kungewapa usalama zaidi waenda kwa miguu. Kiliondolewa kwa sababu kilivunjwa na watu wote, na kukiacha kulikuwa kunaidharaulisha sheria yenyewe.

Mwaka 1934 barabara za Uingereza ziliua watu 7,343. Karibu nusu yao walikuwa wakitembea kwa miguu, na wengi wa hao waliuawa mijini na vijijini, penye nyumba na maduka. Mwaka huo Waziri wa Uchukuzi alikuwa Leslie Hore-Belisha, yule ambaye jina lake Waingereza wamelibandika kwenye nguzo zenye taa ya rangi ya chungwa kando ya vivuko vya watu. Sheria mpya ilirudisha kikomo penye makazi, safari hii maili 30 kwa saa, sawa na kilometa 48, na ilianza kutumika tarehe 18 Machi 1935. Kikomo hicho kipo hadi leo katika sehemu kubwa ya nchi hiyo.

Mimi siwalaumu madereva peke yao. Askari wa kwenye ua wa miti ana sehemu yake. Kipimo kinachofichwa humfundisha mtu kumtafuta mpimaji, hakimfundishi kujipima. Mizani ya sokoni huwekwa pale mteja anapoweza kuiona. Muuzaji anayepimia chini ya meza, hata akiwa mkweli, atasutwa. Polisi wa barabarani walichelewa kulijua hilo, lakini walipolijua walichukua rangi nyeupe na brashi.

Marekani ndiko mistari ilikotoka mafichoni kwa kishindo. Kwenye barabara kuu za majimbo kama Florida na Ohio, dereva anakuta mstari mnene mweupe umekatiza kwenye ukingo wa barabara, kisha mwingine baada ya robo maili, karibu mita 402. Kando kuna kibao kinachomwambia waziwazi kwamba mwendo hapa unasimamiwa kwa ndege. Si utani. Rubani wa polisi huzunguka juu na saa yake. Gari likigusa mstari wa kwanza anabonyeza, likigusa wa pili anabonyeza tena. Sekunde 15 kwa robo maili ni maili 60 kwa saa. Sekunde 10 ni maili 90. Rubani anamweleza kwa redio askari aliye chini: gari la rangi fulani, njia ya kushoto, la tatu nyuma ya lori. Kazi yake ngumu si hesabu, ni kutolipoteza gari lile machoni tangu mstari wa kwanza hadi askari alisimamishe, na ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na wakili.

Katika miaka ya 1960 kilitokea pia kifaa kiitwacho VASCAR, kisanduku kidogo cha ndani ya gari la polisi chenye swichi mbili, moja ya muda na moja ya umbali. Askari anaweza kukitumia akiwa ameegesha, akiwa nyuma ya gari analolipima, hata akiwa mbele yake akitazama kwenye kioo. Anachohitaji ni alama mbili zisizohama: mstari wa rangi, daraja, nguzo. Uingereza walichora miraba myeupe barabarani kwa kazi hiyohiyo. Uzuri wake kwa polisi ni kwamba kifaa hakitoi mawimbi yoyote. Wale wanaonunua vifaa vya kunusa rada na kuvibandika kwenye kioo cha mbele wanasikiliza redio ya kituo kisichorusha matangazo.

Kuna jimbo moja ambako mistari hii ina maisha ya pekee. Pennsylvania ndilo jimbo pekee la Marekani ambalo sheria yake imewanyima polisi wa miji na vitongoji matumizi ya rada. Rada imeachiwa polisi wa jimbo tu. Kwa hiyo katika mitaa ya miji midogo utakuta mistari miwili myeupe imechorwa kukatiza lami, na askari ameegesha hapo karibu na saa yake, akifanya kazi ileile iliyofanywa kwenye barabara ya Brighton mwaka 1905. Tofauti ni kwamba mistari inaonekana na kila mtu, na mwenye shaka anaweza kwenda na futi yake akaipima.

Kupima kwenyewe kuna udhaifu wake, nao ni wa kidole. Binadamu habonyezi saa papohapo anapoona. Tuseme mistari iko mita 60 na gari linakwenda kilometa 80 kwa saa. Litapita kwa sekunde 2.7. Kidole kikikosea kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, jibu limepotoka kwa zaidi ya asilimia 7, na dereva wa 80 anaweza kuandikiwa 86. Weka mistari mita 400, gari la kilometa 100 kwa saa litachukua sekunde 14.4, kosa lilelile la kidole sasa ni kama asilimia moja na nusu. Ndiyo maana wa ndege wanataka robo maili. Umbali mrefu unameza makosa ya mpimaji, na kadiri unavyorefuka unameza pia ujanja wa mpimwaji, jambo nitakalolirudia.

Kabla ya hapo, sina budi kumtaja Mholanzi mmoja. Maurice Gatsonides alizaliwa mwaka 1911 katika kisiwa cha Java, akawa dereva wa mashindano, na mwaka 1953 akashinda mbio za Monte Carlo. Mtu huyu alitaka kujua anapitaje kwenye kona, kwa mwendo gani hasa, ili aongeze. Akatengeneza kifaa cha kupimia: mipira miwili iliyolazwa kukatiza barabara, gari likikanyaga wa kwanza saa inaanza, likikanyaga wa pili inasimama. Alikitengeneza ili yeye aende kasi. Polisi wakakiona, wakakipenda, na kampuni yake ikawa mwanzo wa kamera za barabarani ambazo Waingereza wanaziita Gatso hadi leo. Mwenyewe alikiri kwamba zilimnasa naye mara kwa mara.

Kamera hizo zilipoingia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitumia rada, lakini rada haikuachwa iseme peke yake. Mbele ya kamera, juu ya lami, kulichorwa mistari mifupi myeupe iliyofuatana kama vipandio vya ngazi. Gari likipita kwa kasi kamera hupiga picha mbili, ya pili nusu sekunde baada ya ya kwanza. Rada inatoa namba yake. Kisha mtu anaketi na picha mbili na kuhesabu: kwenye picha ya kwanza gurudumu liko mstari huu, kwenye ya pili liko mstari ule. Ikiwa mistari imepishana mita 2 na gurudumu limevuka nafasi sita, gari limekwenda mita 12 kwa nusu sekunde, yaani kilometa 86 kwa saa. Rada ikisema 86 au karibu yake, shitaka linasimama. Rada ikisema 130 huku gurudumu limevuka nafasi tatu na nusu, basi wimbi limegonga kitu kingine, na dereva wa kilometa 50 hana kesi ya kujibu.

Watu wengi wanaiona mistari ile kama meno ya mtego. Kwa kweli ni shahidi asiyekuwa na upande. Amechorwa na polisi, lakini hawezi kuambiwa aseme uongo kwa niaba ya polisi, kwa kuwa picha inaonyesha gurudumu lilipo na kila mwenye macho anaweza kuhesabu. Angalizo moja la fundi: huhesabiwa pale gurudumu linapogusa lami, si bampa wala bodi, kwa sababu kitu kilicho juu ya ardhi huonekana kwenye picha kama kiko mbele au nyuma ya mahali kilipo hasa.

Waingereza, hata hivyo, walikuwa hawajasahau somo la Jaji Darling, na madereva nao walikuwa hawajausahau mchezo wao. Kamera ya rangi ya njano inaonekana kwa mbali. Dereva anakanyaga breki, anapita kwenye mistari kwa unyenyekevu, anakanyaga mafuta. Kosa limeahirishwa kwa mita 50. Kijana wa baiskeli hahitajiki tena, kamera yenyewe inajitangaza.

Dawa ilikuwa kurudi kwenye yadi 220 na kuzivuta. Badala ya kamera moja na mistari yake, unaweka kamera mbili zilizoachana kilometa kadhaa. Ya kwanza inasoma namba ya gari na kuandika saa, ya pili inaisoma tena na kuandika saa, na katikati hakuna kitu. Kompyuta inagawanya. Barabara ya A77 huko Scotland iliwekewa mfumo huu mwaka 2005, na A9, ile ndefu inayopanda kaskazini hadi Inverness, mwaka 2014. Pale breki ya ghafla mbele ya kamera haisaidii chochote. Ukikimbia njia nzima kisha ukapunguza mwishoni tu, wastani wako bado uko juu. Njia pekee ya kuurekebisha ni kutambaa au kusimama kando na kungoja muda upite, yaani kutumia palepale zile dakika ulizokuwa ukizipigania. Sijui adhabu yenye haki kuliko hiyo.

Kwetu njia hiyo ya wastani tunayo mlangoni. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inapasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilometa 50, na vibao vinasema 70 mchana na 50 usiku. Mwenye kufuata kibao cha mchana anaimaliza hifadhi kwa dakika 43. Anayekwenda 100 anaimaliza kwa dakika 30. Amepata dakika 13, na kwa ajili ya hizo amepita kwenye nyati na twiga kwa gari ambalo nguvu yake ya kugonga ni mara mbili ya ile ya 70, kwa kuwa nguvu hiyo haiongezeki sambamba na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Hesabu hiyo konda yeyote anaweza kuifanya kwa saa ya simu, langoni na langoni, bila rada na bila askari.

Mabasi ya masafa tayari yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa kifaa kinachotuma mwendo wa basi kila wakati, na dereva wa basi anajua kwamba fulu ya mwenzake haimfikii aliye kwenye kompyuta. Kenya ilianza mapema zaidi kwa njia nyingine, mwaka 2004, Waziri John Michuki alipolazimisha matatu zifungwe vidhibiti mwendo vya kilometa 80. Na kama wale wa AA, wapo mafundi waliojipatia kipato kwa kuvifungua. Tofauti ya fundi yule na kijana wa baiskeli ni spana.

Dereva wa gari dogo bado yuko na tochi. Ninawasikia wengi wakilalamika kwamba trafiki amejificha nyuma ya mwembe, kwamba kibao cha 50 kiliangushwa na lori na hakikurudishwa, kwamba picha waliyoonyeshwa ni ya gari la mbele yao. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya kweli, na jeshi lolote la polisi linaloyapuuza linajenga chama kama kile cha 1905 bila kujua. Kuchora mistari miwili ya rangi nyeupe, hatua 200 mbali, kwenye lango la kila mji mdogo kati ya Kibaha na Tunduma, ni kazi ya ndoo chache za rangi na futi ndefu. Askari asimame wazi. Dereva aione, abiria aione, na anayebisha apimiwe mbele yake.

Abiria pia asijidhanie mtazamaji. Ukiwa kwenye basi na ukaona nguzo za kilometa au alama zozote mbili ambazo umbali wake unaujua, toa simu, hesabu sekunde. Chukua mita, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 3.6, jibu ni kilometa kwa saa. Mita 200 kwa sekunde 14.4 ni 50. Mita 200 kwa sekunde 10 ni 72. Na kilometa nzima kwa sekunde 36, wakati kibao cha mabasi kinasema 80, ni 100.